Jibu la Sikudhani

King'ora cha kampuni ya madini kilipolia asubuhi, mji mzima wa Kolwezi uliamka kwa pamoja. Wanaume walitoka na baiskeli zao, wanawake wakafunga vitenge viunoni na kushika njia ya sokoni, na milango ikafunguliwa nyumba hadi nyumba. Sikudhani naye aliamka. Alinawa uso, akachana nywele, akavaa kanga safi, kisha akaketi kwenye kiti cha mbao uani kwa kaka yake. Hakuwa na pa kwenda. King'ora kile kilimwita kila mtu isipokuwa yeye.

Alikuja kutoka Ujiji mwaka ule wa hamsini na saba, baada ya kumzika mama yake. Alivuka ziwa kwa meli hadi Albertville, upande wa Kongo, akapanda treni, akalala njiani mpaka akasahau ni siku gani. Kaka yake Kasimu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisafirisha mizigo Kolwezi kwa lori lake, alimpokea stesheni akamkumbatia huku akilia. "Umekuja nyumbani," alimwambia. Na kweli, Kasimu na mkewe Asia hawakumnyima kitu. Walimpa chumba, kitanda na chandarua. Tatizo lilikuwa hilo hilo, kwamba alipewa kila kitu.

Kwao Ujiji, Sikudhani alikuwa akifanya kazi katika wodi ya wazazi. Aliwapokea watoto wengi mpaka wengine wakapewa jina lake. Hapa Kolwezi alikwenda hospitalini na cheti chake cha Kiingereza. Mtawa wa Kizungu alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho, halafu akamwambia kwamba wao huwachukua wasichana waliosoma shule yao wenyewe, kwa Kifaransa. Alikwenda kwenye nyumba ya kufundishia wanawake kushona, akaambiwa nafasi zimejaa. Alikwenda kwa Mgiriki mwenye duka la vitambaa, naye akacheka tu, kwa sababu hakuwahi kuona mwanamke Mwafrika akisimama nyuma ya meza ya duka.

Siku kama hizo alirudi nyumbani akivua viatu mlangoni na kuingia kimya, ili Asia asimwulize kitu.

Kazadi alimkuta katika hali hiyo.

Alikuja Jumapili moja kutengeneza dinamo ya lori la Kasimu. Alikuwa fundi wa umeme wa kampuni, kijana mrefu wa Kikasai aliyekaa na mama yake Kapata, mtaa wa nyumba za kampuni. Alikuwa na macho yaliyotulia, na mikono iliyoshika vitu vidogo kwa uangalifu kama mtu anayemshika ndege. Sikudhani alimletea maji ya kunawa. Kazadi akayapokea kwa mikono miwili, akainua macho.

"Aksanti, mama. We ni mugeni huku?"

"Ndiyo. Natoka Ujiji."

"Na huku unatumika wapi?"

Sikudhani alirudi nyuma hatua moja. Uso ukamchemka. "Mimi? Mimi situmiki na mtu yeyote, bwana! Nina heshima zangu."

Kazadi alibaki na maji yakimchuruzika viwiko. Kule jikoni Asia alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi, hakukutukana!" alisema Asia akifuta machozi. "Huku kutumika ni kufanya kazi. Anakuuliza unafanya kazi wapi!"

"Ah," alisema Sikudhani. Hasira ilimwisha, na mahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi. "Basi jibu ni lile lile. Situmiki."

Hapo Kazadi hakucheka. Alimtazama muda mrefu kidogo kuliko adabu ilivyoruhusu, kisha akasema taratibu, "Itakuya, mama. Kazi itakuya." Akarudi kwenye dinamo yake.

Tangu siku hiyo lori la Kasimu likawa na magonjwa ambayo Kasimu mwenyewe hakuyajua. Jumapili hii ni taa, Jumapili ile ni betri. Kazadi alifunga waya mmoja, akakaa saa nzima akizungumza. Walibadilishana maneno kama watoto wanavyobadilishana gololi. Yeye alimfundisha kwamba ugali ni bukari, lori ni kamyo, mahali ni fasi, na kukaa ni kuikala. Sikudhani alimsahihisha kila aliposema "batoto", naye alirudia "watoto, watoto" kwa sauti ya mwanafunzi mtiifu, halafu sentensi iliyofuata akasema tena "batoto", wakacheka wote wawili.

Kazadi alimwomba amsimulie habari za wodini, na alisikiliza kweli. Aliuliza, "Na ule mutoto alipona?" juu ya mtoto aliyezaliwa zamani ng'ambo ya ziwa, kama vile jibu lingemlaza vizuri au vibaya usiku ule.

Kasimu aliyaona haya yote. Jioni moja alimwambia dada yake, "Ule kijana ni muzuri. Mi sina neno naye. Ila ni Mukristo, na ni mutu wa kampuni. Baba yetu angekuwa hai, angesema nini?"

"Hajaniambia kitu, kaka."

"Atakuambia," alisema Kasimu.

Kabla Kazadi hajasema, alikuja mama yake.

Mama Tshibola aliingia uani siku ya katikati ya juma, amejifunga kitambaa cheupe kichwani, ametembea kutoka Kapata mpaka vumbi jekundu likamfika magotini. Sikudhani alimtandikia mkeka, akamletea maji. Mama huyo aliyanywa yote, akaweka kikombe chini bila sauti.

"Mwanangu, mi sikuye kugombana."

"Karibu, mama."

"Mi ni mama ya Kazadi. Baba yake alikufa mu mugodi, Kazadi akiwa kidogo. Nilimulea mi peke yangu." Alimtazama Sikudhani bila ukali. "Jumapili akirudiaka kutoka huku, anaimba. Zamani hakukuwa kuimba. Ndiyo maana nikasema, niende nimuone ule mwanamuke."

Sikudhani aliinamisha macho. Alilirudia kimoyomoyo lile neno moja, anaimba.

"Habari ya dini," aliendelea Mama Tshibola, "ile inanisumbua, sitakudanganya. Nimelia mbele ya Bikira Maria. Lakini bantu banaoanaka, Mungu anajua bake. Kuko kitu kingine njo kinanitisha." Akasogea karibu. "Mwana wangu iko na kazi. Iko na nyumba ya kampuni, na posho. Weye hauna kazi, hauna mama, unakula kwa kaka yako. Mi nauliza tu, na usikasirike. Unapenda Kazadi, ao unapenda fasi ya kuikala?"

Sikudhani alifungua mdomo ili ajibu.

Alitaka kusema, "Nampenda." Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini ndani yake aliona zile asubuhi za king'ora, zile njia za kurudi mikono mitupu, na jinsi alivyoisubiri Jumapili. Je, alimsubiri Kazadi, au alisubiri tu mtu yeyote wa kumtoa kwenye kile kiti cha mbao? Hakujua. Kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba hajui.

"Sijakasirika, mama," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Mama Tshibola alimgusa bega. "Unyamavu wako ni wa mutu wa kweli," alisema, akainuka, akaaga.

Jumamosi Kazadi alikuja amevaa shati jeupe. Hakubeba vyombo vya kazi. Walikaa kwenye benchi kando ya lori, mahali ambapo Asia, akiwa anapepeta mchele, angeweza kuwaona bila kuwasikia.

"Sikudhani, leo kamyo haina ugonjwa."

"Naona."

"Nimekuya juu yako." Alisugua mikono yake magotini. "Mi si mutu wa maneno mingi. Nataka nikuoe. Habari ya dini nitaikala na kaka yako, nitaikala na shehe wenu, nitasikiliza yote. Niambie tu weye unasema je."

Upepo ulipita, ukaleta harufu ya vumbi na ya mafuta ya lori. Sikudhani alizitazama kucha za Kazadi zilizosuguliwa, ambazo bado zilikuwa na weusi mdogo pembeni, na alitamani kuushika mkono ule.

"Kazadi, siwezi kukujibu."

"Unamupenda mwingine?"

"Hapana! Hakuna mwingine."

"Basi ni nini?"

"Sina kazi."

Alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ya kigeni. "Mi nakuuliza ndoa, unanijibu kazi?"

"Ndiyo. Kwa sababu leo nikikwambia ndiyo, sitajua ni nani aliyesema, moyo wangu au hii mikono yangu isiyo na la kufanya. Na wewe hutajua. Leo utafurahi. Lakini siku moja tutagombana juu ya jambo dogo, chumvi imezidi, utanitazama na kujiuliza, huyu alinipenda, au alikuwa amechoka kukaa kwa kaka yake? Sitaki unitazame hivyo."

"Mi sitakutazama vile."

"Huwezi kuapa."

"Nani amekutia ile maneno mu kichwa? Mama yangu?"

Sikudhani aligeuza macho, akatazama gurudumu la lori.

Kazadi alisimama. Hakupaza sauti, na afadhali angeipaza. "Mama yangu aliuliza swali yake. Mi niliuliza yangu. Weye umejibu yake, yangu umeiacha." Akachukua baiskeli yake ukutani. "Kama kazi haikuye mwaka huu? Kama haikuye kabisa? Mi nitangoja nini?"

"Sijui, Kazadi."

"Miye pia sijui."

Aliondoka kwa miguu akiisukuma baiskeli, kama mtu aliyesahau kwamba inapandwa. Sikudhani alibaki kwenye benchi mpaka Asia alipokuja akaketi kando yake, akamvutia begani kwake bila kuuliza lolote.

Jumapili ikapita, lori halikuugua. Ikapita nyingine.

Ndipo Sikudhani alipoanza kujielewa. Alidhani atakachokosa ni njia ya kutokea. Akashangaa kwamba hakuiota ile nyumba ya kampuni hata mara moja. Hakuwahi hata kuiona, hakujua ina madirisha mangapi wala mlango wake unatazama wapi. Alichokosa ni mtu aliyesema "batoto" kwa makusudi ili amsahihishe. Alipoosha vyombo alijikuta akimsimulia kimoyomoyo, leo nimeona hiki, leo nimesikia kile, kisha akakumbuka kwamba haji.

"Mwite basi," Asia alimshauri. "Mwambie umekubali."

"Nikimwita sasa, nitakuwa nimemwita kwa sababu nimeshindwa. Hapana, wifi. Hata kama nampenda. Hasa kwa sababu nampenda."

Asia alitikisa kichwa. "Watu wa Ujiji," alisema, "mnajua kujitesa."

Kasimu alirudi kutoka safari ya Dilolo siku ya Jumanne. Baada ya sala, walipokuwa wakila, alimega tonge, akalishika bila kulitia mdomoni.

"Dada, kule njia ya Dilolo, karibu na mupaka, kuko dispansere ndogo, ile kwetu tunaita zahanati. Munganga wake anaitwa Polycarpe, ni mutu mwenye akili na mwenye mke na batoto. Wanawake ya upande huu na ya upande wa Angola, bote banakuyaka pale kuzala. Lakini banakataa mwanaume abashike. Banakimbia, banazalia mu pori. Polycarpe ameomba wakubwa wake, nabo bamekubali achukue mwanamuke wa kumusaidia. Hawaangalii sana Kifaransa. Banataka mutu mwenye mikono inayojua." Akala tonge lake. "Nilimuambia kwamba niko na dada."

Sikudhani alikuwa ameacha kutafuna.

"Kuko na chumba chako pale pale, pembeni ya nyumba yao," Kasimu aliendelea. "Ni mbali na huku. Mbali sana."

Neno la mwisho alilisema kwa uzito kidogo, na dada yake alimfahamu tangu utoto.

"Kaka, umenitafutia kazi, au umenitafutia umbali?"

Kasimu alicheka, akafuta mdomo. "Vyote viwili. Mi sikufichi. Nilifikiri, kazi itamupa furaha, na njia itamusahaulisha ule kijana. Umekasirika?"

Sikudhani alimshika mkono kaka yake, mkono mzito wa mtu wa usukani, akaubusu. Machozi yalimtoka huku akicheka.

"Sijakasirika hata kidogo. Tunaondoka lini?"

"Kesho kutwa asubuhi."

Siku iliyofuata alitembea peke yake mpaka Kapata. Nyumba za kampuni zilijipanga mistari mirefu, zote sura moja, na ilimbidi aulize mara mbili. Mama Tshibola alikuwa nje akichambua sombe, majani ya muhogo. Alipomwona alisimama haraka, majani yakamwangukia miguuni.

"Kazadi iko ku kazi," alisema.

"Najua, mama. Nimekuja kwako."

Hakungoja mkeka. Alisimama palepale juani, kifua kikimpanda na kushuka kwa ajili ya mwendo na kwa ajili ya maneno aliyoyabeba.

"Mama, uliniuliza swali, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu sikujua. Sasa nimepata kazi, kule karibu na Dilolo, kazi yangu ile ile ya kupokea watoto. Nitalala chumbani kwangu na nitakula jasho langu. Sihitaji fasi ya kukaa. Nimeangalia tena moyoni, na Kazadi bado yumo."

Jirani mmoja alipita akasalimia, hakuna aliyemwitikia.

"Unaenda lini?"

"Kesho, king'ora kikilia."

"Na unakuya kuniambia miye, haukuye kumuambia yeye?"

"Wewe ndiye uliyeuliza, mama. Yeye nimemwacha na swali lake. Kama bado analo, anajua tunapokaa."

Mama yule aliinama akaanza kukusanya majani yake. Sikudhani alidhani mazungumzo yamekwisha, akageuka aende.

"Ngoja," alisema Mama Tshibola kwa sauti nzito. "Njia ya Dilolo ni murefu, na mu njia hakuna chakula. Ingia mu nyumba. Nitakupikia kuku ya kubeba."

Asubuhi ile ya kuondoka ilikuwa ya baridi. Lori lilikuwa limeshapakiwa magunia ya chumvi na mitumba ya vitambaa. Kasimu alizunguka akipiga magurudumu teke moja moja. Asia alimfunga wifi yake shali mabegani, akaifunga tena, kana kwamba fundo la kwanza halikutosha. King'ora kikalia, milango ikafunguliwa, baiskeli zikatoka.

Baiskeli moja ilikuja upande usio wa kazi.

Kazadi aliruka kabla haijasimama, nayo ikaangukia ukuta. Alikuwa amevaa nguo za kazini, na pumzi zilikuwa zikimtoka kama moshi.

"Kapita, mukubwa wetu wa kazi, amenipa ruhusa kidogo," alisema. Alimtazama Sikudhani aliyekuwa tayari amepanda, amekaa kando ya usukani, kapu la kuku mapajani. "Mama yangu ameniambia yote. Hakulala. Miye pia sikulala."

"Nami sikulala," alisema Sikudhani.

"Nilikasirika. Nilifikiri unanikataa kwa heshima."

"Sikukukataa. Nilikuwa sina kitu cha kukubalia."

"Na sasa?"

Sikudhani alitoa mkono dirishani. Kazadi aliushika, kwa uangalifu ule ule wake. Ilikuwa mara yao ya kwanza kushikana mikono, tena mbele ya Kasimu, mbele ya Asia, mbele ya mtaa mzima uliokuwa ukienda kazini.

"Sasa niulize tena," alisema.

"Sikudhani, utakubali nikuoe?"

"Ndiyo."

Lilitoka jepesi, bila kutafutwa, na yeye mwenyewe alilisikia kwamba ni lake. Asia alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka.

"He, he, ngojeni!" Kasimu alikuja kutoka nyuma ya lori, uso ameukunja. "Mi sijakubali. Kuko shehe, kuko mama ya huyu, kuko maneno mingi. Hakuna ndoa ya mu dirisha ya kamyo!"

"Ni kweli, kaka," alisema Kazadi. "Ukirudi, nitakuya na mama yangu. Tutaikala chini, na shehe. Nitasikiliza yote, na siku hiyo hiyo nitarudia tena swali yangu."

Kasimu alimtazama yeye, akamtazama dada yake, ambaye tangu afike Kolwezi hakuwahi kumwona na uso ule. Alisonya, akapanda, akawasha injini. "Mi napitaga Dilolo kila mara," alisema, akitazama mbele. "Mutu akiwa na salamu, kamyo iko na nafasi. Hata yeye mwenyewe, siku akipewa likizo. Lakini ataikala nyuma, juu ya chumvi."

Injini ilinguruma. Kazadi hakuuachia mkono.

"Shuka hata kidogo tu," alimwomba. "Dakika moja. Nikuangalie vizuri."

Sikudhani aliinama dirishani mpaka nyuso zao zikakaribiana, macho yake yakiwa yamejaa maji na kicheko, akautoa mkono wake taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Siwezi, mpenzi," alisema. "Nitachelewa kazini."